Wakuu, "Kennedy" ni jina la mtoto au la ukoo? Naombeni ushauri

Fundi Bomba: Habari za jioni wakuu. Mke wangu kajifungua kidume wiki iliyopita, anang'ang'ania tumwite Kennedy, jina la marehemu baba yangu (1956–2015). Mimi naona hilo ni jina la ukoo, la wale Wamarekani. Isitoshe ndilo jina langu la mwisho, kwa hiyo mtoto ataanza na Kennedy na kumalizia na Kennedy kama tiketi ya kwenda na kurudi. Nimwambieje anielewe?

Mzee wa Kijiweni: Kijana, lilianza kama jina la mtu. Baba yake Brian Boru, mfalme wa Ayalandi aliyekufa 1014, aliitwa Cennétig. Wapo wanaosema maana yake ni kichwa chenye kofia ya chuma, wengine wanasema kichwa kibaya. Ukoo wa Ó Cinnéide ukalibeba, Waingereza wakalitamka wanavyojua wao. Mkeo analirudisha nyumbani tu.

Dada Nanasi: Huku Kisumu darasa letu lilikuwa na kina Kennedy watatu. 1960 Tom Mboya alimfuata Kennedy akiwa bado seneta, na mfuko wa familia yake ukatoa dola 100,000 za nauli za wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda Marekani. Babu yangu alikosa nafasi. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akinuna ndege ikipita.

Chizi Fresh: Marekani siku hizi Kennedy wengi ni mabinti. Dogo akienda kusoma huko atapangiwa bweni la kike 😂

Kipepeo255: Mbona mkwe anamuenzi baba YAKO, halafu wewe mwenye baba ndiye unakataa? Sema ukweli.

Fundi Bomba: Sawa. Kuna Kennedy mwingine, ana miaka sita, yuko Morogoro kwa mama yake. Mke wangu hajui. Ila ada nalipa, msinione mhuni. Na kwenye tangazo la kizazi nimeshaandikisha Brian.

Mama Mlezi: Mwanangu, tatizo lako si jina. Kaa na mkeo umwambie kabla hajaambiwa na jirani.

Mzee wa Kijiweni: Brian? Huyo si ndiye mtoto wa Cennétig niliyemtaja! Umemkimbia baba ukamkumbatia mwana.

Mtoza Ushuru: Hii chai. 1956 nani Tanganyika alimjua Kennedy? Uchaguzi wa urais kashinda 1960.

Fundi Bomba: Baba kabatizwa 1964, na jina kapewa siku hiyo. Kennedy alikuwa ameuawa Dallas Novemba 1963, na Julai ya mwaka huo huo Nyerere alikuwa mgeni wake Ikulu. Babu alimlilia kama ndugu.

Mtoza Ushuru: Umejitahidi. Na ule uzi wako wa Machi, "Nina miaka 24, nipeni mbinu za kupata mchumba"?

Fundi Bomba: Ule aliandika mdogo wangu, tunatumia simu moja.

Dada Nanasi: Huyo mdogo wako naye anaitwa nani, Kennedy?