Nauza IST yangu bila dalali, mteja anataka kulipa nusu aondoke na gari. Nikubali?

Mpaua_Nyumba: Wakuu habari za jioni. Nina Toyota IST, usajili wa namba D, injini 2NZ, nimelitumia mwenyewe tangu lishuke bandarini. Naliuza nimalizie kupaua kabla ya masika. Dalali sitaki, maana wawili walionipigia walishalitangaza na cha juu chao bila hata kuniuliza.

Sasa amepatikana mteja, mtu mzima, mstaarabu, gari amelipenda. Nilisema milioni 11, tumeshukiana hadi 10 na nusu. Anataka atoe 7 sasa, aondoke na gari pamoja na kadi ya gari, iliyobaki amalizie mwisho wa mwezi ujao. Kubadilisha jina eti mpaka amalize deni, kwa sasa tuandikishane tu wenyewe. Hela naihitaji kweli, na wengine wote wanaishia kuuliza "mwisho ngapi?" Nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Gongo la Mboto: Usikubali, mwanangu. Jina lisipobadilishwa TRA, mbele ya serikali gari bado ni lako. Akipigwa tochi ya mwendokasi Chalinze, faini inasoma kwenye namba hiyo hiyo. Akiegesha Posta bila kulipa, deni la maegesho linaliandama gari lenye jina lako. Na hayo ni madogo. Akigonga mtu akakimbia, polisi wataanza na jina la kwenye kadi. Mdogo wangu aliuza gari kwa karatasi ya daftari, baadaye akaitwa kituoni aeleze gari lilikuwa likifanya nini usiku kwenye mkoa asioujua. Kumtafuta yule mnunuzi, naye alishaliuza kwa mwingine.

Binti Muheza: Mzee kasema kweli, ila hela ya bati nayo inahitajika. Mwambie hivi: hiyo 7 ailipe kama malipo ya awali, mwandikishane kwa wakili, gari libaki uani kwako mpaka amalize. Muandike kabisa akishindwa anarudishiwa kiasi gani. Kama ana nia, atakubali. Kadi halisi isitoke mkononi mwako hata kwa siku moja, mpe kopi.

Siku ya kumaliza, mkataba wa mauziano uwe na picha zenu, namba ya usajili, ya chesesi na ya injini, bei, na saa ya kukabidhiana. Hiyo saa watu huisahau, na ndiyo itakayokutetea lolote likitokea jioni ile ile. Kisha muende TRA na TIN (namba za mlipakodi) zenu wote wawili. Kuna ada ya uhamisho na ushuru wa stempu. Kawaida hubeba mnunuzi, lakini mkubaliane mapema.

Mama Kijichi: Kuhusu malipo, kaka, meseji ya muamala si hela. Mkutane ndani ya tawi la benki, aweke, na mhudumu akuthibitishie salio ndipo utoe funguo. Na uijulishe kampuni ya bima kwamba umeuza.

Fundi Tabata: Mimi naongelea gari lenyewe. Siku mteja anakuja kukagua, usiliwashe asubuhi. Anayejua magari ataanza kwa kugusa boneti. Akikuta ni la moto anajua umelipasha ili kuficha mlio wa baridi, na hapo bei inashuka au anaondoka. Usihangaike kupaka bampa rangi, ni bora hela hiyo ukabadilishe bushi za mbele kama zimekwisha. Kama linakula oili, sema, na kwenye mkataba iandikwe kwamba ameliona na kulikubali lilivyo. Akitaka kulijaribu, kaa naye.

Mpaua_Nyumba: Asanteni sana. Nimempigia, gari kubaki kwangu hajakataa, anasema atazungumza na mkewe. Fundi, kuna mlio upande wa kushoto nikikata kona. Ndiyo bushi hizo?

Fundi Tabata: Kata usukani mpaka mwisho, kisha kanyaga mafuta taratibu. Ukisikia ka-ka-ka, hiyo ni jointi ya ekseli, si bushi. Chungulia nyuma ya tairi la mbele: mpira wa kufunika jointi ukiwa umechanika, utakuta grisi imerukia hadi ndani ya rimu. Bushi yenyewe hugonga ukipita kwenye matuta. Kama ni jointi, ibadilishe kabla mteja hajarudi.