Grupu la WhatsApp la mtaa mvua ikichachamaa: ujumbe wa msaada uandikweje?

Mkazi wa Kigogo:
Wakuu, habari za leo. Grupu letu la mtaa lina watu wapatao 400, tupo pembeni ya Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam. Mvua ikipiga usiku, ndani ya nusu saa zinaingia voisi, video na "jamani tusaidieni" nyingi mpaka ujumbe wa mwenye shida ya kweli unafukiwa. Admini tuko watatu. Tuweke utaratibu gani kabla ya masika? Na mtu aandike nini ili anayekuja na kamba asipotee njia?

Mchora Ramani:
Kwanza apige 114, Zimamoto na Uokoaji, au 112, Polisi. Grupu ni la majirani kuelekezana. Hakuna askari wa zamu anayelisoma. Akishapiga ndipo aandike, tena kwa maandishi. Voisi ya dakika nzima huwezi kuipitia kwa jicho, na mtandao ukilemewa inazunguka tu wakati maandishi yanapita. WhatsApp ikigoma kabisa, SMS ya kawaida mara nyingi hupenya hata pale simu ya kuongea inapokataa, maana inachukua nafasi ndogo sana na mtambo hujaribu tena wenyewe.

Mfano:

*MSAADA. Jumanne, saa 11:40 alfajiri. Watu 4 juu ya bati, mmoja mzee hatembei. Kigogo, nyuma ya msikiti, geti la bluu. Pitieni njia ya juu, ya chini maji yamefika kiunoni. Nimeona mwenyewe. 114 wameshapigiwa.*

Chini yake aweke lokesheni. GPS haihitaji bando: simu inapokea kutoka kwenye setilaiti. Kwa hiyo hata asipokuwa na intaneti, anaweza kufungua ramani, kushikilia kidole pale alipo, kisha kunakili zile namba mbili za mahali (latitudo na longitudo) na kuzituma kwa SMS. Anakili mpaka tarakimu ya tano baada ya nukta, hapo kosa la kukata namba ni kama mita moja tu. Akiishia tarakimu ya tatu, anamtupa mwokoaji hadi mita 110, na kwa uswahilini kwetu hiyo ni vichochoro vingi.

Kuna makosa mawili yanayotugharimu sana. La kwanza ni saa. Simu inaonyesha 5:40, mtu anaandika "5:40", mwingine anasoma saa tano na dakika arobaini. Siku zote iandikwe alfajiri, mchana au usiku. La pili ni jina la mahali. Ukiandika "Msimbazi" peke yake, mmoja ataelewa mtaa wa Kariakoo, mwingine Msimbazi Center kule Ilala, mwingine mtoni. Taja kata, kisha alama inayoonekana gizani.

Mdau wa Uokoaji:
Naongezea kitu ambacho magrupu mengi hayana: kufunga ujumbe. Ombi la msaada lisilo na saa halifi. Watu wameshatolewa asubuhi, jioni bado linafowadiwa, na vijana wenye kamba wanakwenda kwenye nyumba tupu huku kwingine kuna wanaosubiri. Aliyeomba, au admini, ajibu juu ya ujumbe uleule: *IMEFUNGWA, saa 1:15 asubuhi, wote 4 wametoka.* Kisha afute ule wa kwanza. Nakala zilizokwishatoka nje ya grupu hamtazifuta, ndiyo maana saa na siku lazima ziwe ndani ya maandishi yenyewe.

Kwa admini watatu: usiku wa mvua, badilisheni mpangilio ili admini pekee ndio wanaotuma. Watu wawaandikie ninyi faragha. Mmoja anapokea, mmoja anathibitisha kwa kumpigia mjumbe wa eneo hilo, mmoja anabandika. Mkigawana hivyo hata watu 400 hawawashindi.

Video zenye alama ya mishale miwili zimeshapita mikono mingi, msizibandike. Tazameni namba za magari: zote zikiwa za herufi C, yaani usajili wa zamani, na hakuna D wala E hata moja, huenda hiyo video ni ya zamani. Onyo la mvua libandikwe kutoka TMA wenyewe, Mamlaka ya Hali ya Hewa, likiwa na tarehe. Na kumbukeni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inamgusa anayechapisha taarifa za uongo akijua ni za uongo.

Jirani Kariakoo:
Jengo likiporomoka, kama lile la hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, utaratibu unabadilika. Aliyenaswa chini ana chaji ya simu tu. Msibandike namba yake kwenye grupu, maana watu hamsini watampigia kumpa pole na simu itazima. Ndugu mmoja ateuliwe, awasiliane naye kwa SMS kwa nyakati walizokubaliana, na yeye ndiye awape waokoaji taarifa. Anayepiga picha mubashara aondoke kwenye njia ya magari na anyamaze. Waokoaji huzima mitambo ili wasikilize sauti chini ya kifusi.

Mkazi wa Kigogo:
Nimeelewa sana, wakuu. Na wazee wenye simu za kitochi?

Mchora Ramani:
Kila mjumbe wa shina aandike namba zao kwenye daftari, siyo kwenye simu pekee. Kila admini apewe wazee wasiozidi kumi wa kuwapigia mara TMA wakitoa tahadhari, maji yakiwa bado hayajafika mlangoni.