Re: Rufaa ya kliniki ya ngozi imerudishwa, vipele haviishi

Mama Zuhura:
Ndugu zangu habari za siku. Mwenzenu vipele vya kuwasha vimeniganda miezi sasa, jioni natoka mabaka mekundu yamevimba mapajani na kiunoni palepale mkanda unapobana, asubuhi yamepotea yote, nikifika kwa GP (daktari wa mtaa hapa Uingereza) sina cha kumuonyesha. Aliandika rufaa kwenda kliniki ya ngozi, leo barua inasema imerudishwa kwa GP na ushauri. Sasa hapo naanza foleni upya au nafasi yangu ipo? Na kuna aliyewahi kujua chanzo cha hii kitu?

Msafiri:
Pole sana dada. Mie niliacha chakula kimoja baada ya kingine mpaka suruali zikawa zinanivuka na vipele viko palepale. Bingwa ndo akanambia ikishapita wiki 6 inaitwa sugu, na sugu mara chache sana inatokana na chakula, kinga ya mwili yenyewe inazichokoza seli za kwenye ngozi zinamwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na uvimbe. Akapima full blood count (hesabu ya chembe za damu), CRP (kipimo cha uvimbe mwilini) na thairoidi, ile tezi ya shingoni, yangu ikakutwa na shida. Kwa hiyo chanzo ni thairoidi, kadai TSH, kipimo cha damu cha thairoidi.

Bi Saumu:
Msafiri mwanangu usiwaambie watu hivyo. Nimefanya unesi maisha yangu yote. Baadhi ya wenye urtikaria sugu, ndiyo hivi vipele vya kuwasha, wanakutwa na antibodi za thairoidi (kinga ya mwili inayoishambulia tezi hiyo) ndiyo, ila ukitibu thairoidi si lazima vipele viondoke. Wengi hawapatiwi chanzo kabisa na si kwamba daktari kazembea.
Mama Zuhura, lizungushie baka moja kalamu na ulipige picha. Likikaa palepale kupita masaa 24, linauma kuliko kuwasha, likiondoka linaacha alama kama umegongwa, waambie haraka, hapo inabidi wakate kinyama cha ngozi waangalie mishipa ya damu. Hayo ya kwenye mkanda yanaweza kuwa ya mgandamizo, yanakuja masaa kadhaa baada ya kubanwa. Na maumivu ya kichwa usimeze ibuprofen wala aspirin hovyo, zinawachochea wengi.

Baba Imani:
Mnazunguka tu. Bila UAS7, alama za wiki za ukali wa vipele, huna hoja. Kila siku unaandika mabaka 0 mpaka 3, muwasho 0 mpaka 3, wiki nzima juu kabisa ni 42. Mwongozo TA339 wa 2015 wa NICE, taasisi inayoamua dawa zipi NHS itoe, unataka 28 au zaidi ndo ufikiriwe omalizumab, sindano ya kutuliza vipele sugu, tena uwe umeshajaribu vidonge vya kutosha. Mimi cetirizine (kidonge cha kuzuia histamini) moja kwa siku haikufanya kitu, nikapandishwa mpaka nne.

Bi Saumu:
Kwa maelekezo ya daktari, Baba Imani! Watu wanasoma hapa wanakwenda kujipandishia wenyewe.

Baba Imani:
Nimesema nilipandishwa, sijasema nilijipandisha.

Msafiri:
Na kinachoniuma ni kwamba ada ya afya ya viza tunailipa mapema na kodi inakatwa kwenye mshahara vilevile, halafu ukiumwa unaambiwa subiri. Viongozi wetu kule nyumbani hili hawaligusi kabisa. Usiku unajikuna peke yako chumbani mpaka shuka lina damu, ningekuwa nyumbani mama asingelala.

Mama Zuhura:
Umenitoa machozi kaka. Mama yangu hajui hata kama naumwa, nikimpigia nageuza kamera.

Shemeji Kassim:
Samahani naingilia. Mimi sina vipele wala siwashwi, ila tangu wiki iliyopita mdomo wa juu unavimba upande mmoja halafu unashuka. Ndo hii hii?

Bi Saumu:
Shemeji unatumia dawa ya presha? Jina lake?

Shemeji Kassim:
Lisinopril.

Bi Saumu:
Usimeze kidonge kingine kabla hujaongea na daktari. Dawa za kundi hilo zinaweza kuvimbisha midomo na ulimi bila kipele hata kimoja, hata kwa mtu aliyezitumia miaka. Piga GP sasa hivi, wakisema hawana nafasi piga 111, simu ya ushauri wa afya. Ulimi ukianza kuvimba au sauti ikibadilika ni 999, simu ya dharura, usisubiri mtu akupeleke. Nijibu ukishapiga.

Shemeji Kassim:
Niko kwenye laini nasubiri.