Nataka kupiga picha fundo la galaksi nikiwa Dodoma, Nyota ya Kaskazini siioni. Nafanyaje?

KijanaWaKizota: Wakuu habari. Nina Canon ya zamani, lenzi ya milimita 200 na mota ya kufuata nyota niliyoipata kwa mtu. Nataka lile fundo la kwenye kundinyota la Mashuke, hasa ule mstari wake wa galaksi uitwao Mnyororo wa Markarian. Maelekezo yote mtandaoni yanaanza na Nyota ya Kaskazini, na huku kwetu iko chini ya upeo! Shata ikipita sekunde 20, nyota zinatoka tambi. Aprili wanayoisema huko, kwetu mawingu matupu. Niachane nayo?

MzeeWaDarubini (Iringa): Usiachane nayo, mdogo wangu. Aprili waachie Wazungu. Wewe ngoja mwanzoni mwa Juni, masika yameisha: saa mbili usiku Mashuke iko juu sana, kaskazini kidogo ya utosi. Tafuta nyota mbili, Denebola na Vindemiatrix. Katikati yao ndipo zilipo M84 na M86, galaksi mbili za Mnyororo huo. Kwa lenzi hiyo Mnyororo wote unaingia, pamoja na galaksi jirani, M87. Usitegemee makubwa, ni vidoa vidogo tu, ila mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka milioni 50.

Sasa mhimili wa mota, ule unaotakiwa kuelekea ncha ya anga ili ufuate nyota. Ncha ya kusini ya anga kwako iko nyuzi 6 tu juu ya upeo, ndani ya vumbi. Usiitafute. Elekeza mhimili kusini, uinue nyuzi 6, kisha kamata nyota iliyo karibu na utosi, uikuze kwenye skrini. Ikihama mashariki au magharibi, usijali. Ikihama kaskazini au kusini, zungusha kichwa cha stendi kidogo kushoto au kulia hadi itulie. Halafu rudia kwa nyota ya chini upande wa mashariki; hiyo inakuonyesha kosa la mwinuko. Inachosha, lakini utafika sekunde 60. Piga nyingi, jumla ya muda wake ifike saa mbili, uzipandanishe kwa programu ya Siril, ni ya bure.

Mwenye laptopu atumie programu ya N.I.N.A. Ina nyongeza inayopima mhimili kwa picha tatu za upande wowote wa anga.

BintiMuscat: Nyota ya Kaskazini tunayo huku, nyuzi 23, na taa za barabarani zinaifaidi kuliko sisi 😂 Mimi nawaonea wivu kwa fundo la galaksi la kundinyota la Tanuri. Kwangu halipandi zaidi ya nyuzi 31.

MzeeWaDarubini: Kweli dada. Dodoma linafika 60! Kijana, Oktoba, mwezi ukiwa haupo, amka saa nane usiku utazame kusini. Galaksi mojawapo ya fundo hilo, NGC 1365, ina mikono miwili utakayoitambua hata kwa lenzi yako.

KijanaWaKizota: Shukrani sana mzee. Swali moja: kikalio cha mota hakishuki chini ya nyuzi 15.

MzeeWaDarubini: Fupisha mguu wa stendi wa upande wa kusini mpaka mhimili ushuke hizo 9 zilizobaki. Ninginiza mfuko wa mawe katikati, isije ikapinduka na kamera.