Naomba ushauri: Beelzebuli, mkuu wa pepo katika Injili, ni "bwana wa nzi" au "bwana wa makao"?

Wapendwa, naombeni msaada kwa wanaojua Kiebrania na Kigiriki. Somo ni la vijana wa kipaimara.

Katika 2 Wafalme 1, Mfalme Ahazia anaanguka kutoka chumba cha orofani huko Samaria, anaumia, na anatuma wajumbe kwa Baal-zebubu, mungu wa Ekroni, mji wa Wafilisti. Baali ni bwana. *Zebubu* ni nzi. Hapo sina shida.

Shida inaanza Mathayo 12:24. Kigiriki kina *Beelzeboul*, chenye L mwishoni, na Biblia yetu imeifuata: Beelzebuli. Wengi wanakosea hapa kwa sababu Vulgata, tafsiri ya kale ya Biblia kwa Kilatini, iliandika *Beelzebub*, na umbo hilo ndilo lililoenea Ulaya. *Zebuli* kwa Kiebrania ni makao yaliyotukuka. Sulemani analitumia neno hilo kwa hekalu, 1 Wafalme 8:13. Tena vibao vya udongo vya Ugarit, mji wa kale huko Syria, vinamwita Baali *zbl*, yaani mkuu.

Mimi naegemea kwamba jina la heshima, Baal-zebuli, lilipotoshwa makusudi kuwa la dhihaka, Baal-zebubu, kama Eshbaali, mwana wa Sauli (1 Nyakati 8:33), alivyogeuzwa Ishboshethi, *boshethi* ikiwa ni aibu. Na Mathayo 10:25, ambapo Yesu anasema "mwenye nyumba" ameitwa Beelzebuli, inaonekana kugusa hiyo *zebuli*, makao.

Je, niwafundishe hivyo, au kuna hoja ya kisarufi inayoizuia? Na nianze na nzi au na makao?