Yule mheshimiwa kacheka hadharani! Huu ukomo wa deni la taifa waliupitisha wa nini?

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mods msiniunganishe na uzi wa zamani.

Mlimwona jana usiku kwenye luninga? Simtaji, mnamjua, yule mwenye tai ndefu na sentensi ndefu kuliko tai. Mtangazaji kamuuliza kistaarabu kabisa: deni limeukaribia ukomo uliowekwa kisheria, mtafanyaje? Jamaa AKACHEKA. Sio tabasamu. Kicheko cha tumboni, mabega yanaruka, nahisi watu wa jengo la jirani walikimbilia nje wakidhani ni tetemeko. Akanywa maji, akafuta mdomo taratibu, akasema, "Tutausogeza tu."

Tutausogeza tu! Kama kochi!

Na ndiye huyuhuyu aliyepiga meza kuliko wote siku ukomo unapitishwa, viganja nusura vivimbe. Akatuhutubia kuhusu nidhamu ya fedha na vitukuu wetu ambao hata bibi zao hawajazaliwa. Kumbe siku ile pia alikuwa anacheka, ila kwa ndani.

Bunge lilelile linapitisha matumizi asubuhi, linapitisha kodi isiyotosha mchana, jioni linashangaa deni limetoka wapi. Wanaponyoosha mikono kuupitisha wanajua fika hautaheshimiwa. Sawa, nimezoea. Lakini kicheko, wakuu! Angenidanganya tu kwa heshima, ningelala.

Kisigino: Nimekaa pale. Mleta uzi, una povu la kufulia mashuka ya hoteli nzima.

Bibi Hesabu: Unalia leo? Marekani wana ukomo tangu 1917. Wizara yao ya Fedha imehesabu kuwa tangu 1960 Bunge limeupandisha, kuuongezea muda au kuubadilisha mara 78. Mwaka 2011 walivutana mpaka Standard & Poor's inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni ikawashusha daraja. 2023 wakausimamisha hadi Januari 2025, na mwaka huohuo 2025 wakaongeza dola trilioni 5. Huyo wako kawaokolea muda.

Mleta uzi: Bibi, hao angalau hununa! Huyu kacheka na maji mdomoni!

Ngumi Jiwe: Kwani wewe ndiye mkopeshaji?

Msema Kando: Vichekesho viko Ulaya. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana nakisi ya bajeti, yaani matumizi kuzidi mapato, isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, na deni lisizidi asilimia 60. Ujerumani ndiyo iliyokazania masharti yawe makali. 2003 nani wako nje ya mstari? Ujerumani na Ufaransa! Mawaziri wenzao wakasitisha hatua za kuwabana, 2005 kanuni zikalegezwa, maisha yakaendelea.

Bibi Hesabu: Usichague historia. Novemba 2023 mahakama ya katiba ya Ujerumani ilifuta mpango wa serikali wa kuhamisha euro bilioni 60 kwa kuwa ulivunja ukomo wa deni uliomo kwenye katiba yao, bajeti ikapasuka. Ukomo wenye jaji nyuma yake unauma.

Msema Kando: Na Machi 2025 wakabadilisha katiba yenyewe. Sehemu kubwa ya matumizi ya ulinzi ikatolewa nje ya ukomo, na mfuko wa euro bilioni 500 juu. Waliumwa wakang'oa jino.

Mkenya Mpole: Hapa Kenya ukomo wetu ulikuwa shilingi trilioni 9. 2022 zikawa trilioni 10. 2023 tukaacha kutaja kiasi, sasa ni asilimia 55 ya pato la taifa kwa thamani ya sasa (malipo ya miaka ijayo yakipigiwa hesabu kwa pesa ya leo), na kupitiliza kwa pointi 5 ni ruksa. Yaani ukomo umepewa posho ya kuvukwa.

Mleta uzi: Na aliyeupitisha alicheka? NAULIZA.

Kifaranga: Nyie na matrilioni yenu. Mimi nilichelewesha kamkopo ka simu, wakampigia bosi, shemeji na mpenzi wangu wa zamani. Mbona wangu hausogezwi?

Ngumi Jiwe: Shemeji alilipa?

Kifaranga: Alinitumia vikatuni vya kucheka, mstari mzima.

Mleta uzi: Mnaona! Vicheko tena! Turudi kwa mheshimiwa, pale alipokunywa maji...

Kisigino: Mimi walimpigia mwenye nyumba. Kesho yake kanisalimia kwa jina langu kamili, majina yote matatu.

Dada Kufuli: Mwenye nyumba wako anapokea simu? Wangu bomba lilipasuka, nikapiga hadi chaji ikaisha. Tarehe moja alfajiri yuko mlangoni, kanyoa, ananukia.

Ngumi Jiwe: Wa kwangu kabandika karatasi getini, mwisho wa kuoga saa tatu usiku. Mjomba wake ndiye mlinzi, anasikiliza maji kwenye mabomba.

Kisigino: Hahaha anasikilizaje?

Ngumi Jiwe: Sikio ukutani mkuu, siongopi.

Kifaranga: Dada Kufuli, huyo wako ana chumba wazi? Asiyepokea simu ndiye ninayemtafuta.