Ekipi yangu ya mawe imezamishwa na Vaporeon moja tu, kwani Rock iko na shida gani?

mawe_ya_himbi (Goma)

Habari zenu bandugu na badada. Niko na swali, lakini mniache kwanza nieleze juu nikiuliza bila kueleza mtanicheka (mtanicheka tu hata hivyo).

Mi nachezaka Pokémon FireRed ku telefone, ile ya 2004, na emuleta. Nimezaliwa Goma, nimekomea juu ya mawe, nyumba yetu msingi ni mawe ya volkano, ukuta wa parsele ni mawe, ukianguka na baiskeli kwetu magoti ndiyo yanakuambia unaishi wapi. Basi ku hii gemu ya kupiganisha wanyama (Pokémon), kila mumoja na aina yake, nikasema mi nitakuwa mutu wa Rock, aina ya mawe. Graveler, Onix, Rhydon, Aerodactyl, Kabutops, na wa sita Pidgeot juu ya kuniruisha mu miji tu. Wote nivo 50 na kitu.

Jana niko kwa fundi wa telefone, mudogo wa rafiki yangu, mtoto wa miaka 12, akasema tuunganishe telefone tupigane. Akaweka Vaporeon, ule wa maji. Graveler akaingia, Surf (ataki ya wimbi la maji), chini. Onix, Surf, chini. Rhydon, Surf, chini, na hiyo ndiyo iliniuma kabisa juu nilimlea tangu Safari Zone. Aerodactyl yeye alipiga wa kwanza, Vaporeon akabaki amesimama, Surf, chini. Kabutops akavumilia nikaanza kupumua, kumbe mtoto anabadilisha, anaweka Vileplume wa majani, Giga Drain (ataki ya majani) moja, basi. Pidgeot hata sisemi. Batu wote wenye walikuja kuchaji telefone walikuwa wanaangalia ekra yangu, mama mumoja hata hajui gemu ni nini akaniambia "pole papa".

Swali ni hili: Onix iko na defansi 160. Mia moja na sitini! Jiwe ndiyo kitu kigumu, hata ukitupa mu moto linatoka jiwe. Kwa nini mu hii gemu linayeyuka kama sukari mu chai?

kadutu_mulimani (Bukavu)

Unaishi pembeni ya ziwa Kivu na unauliza maji yanafanyaka jiwe nini 😂 mu 2002 lava ilipita katikati ya mji wenu, ikafunika kipande cha uwanja wa ndege, ikatelemuka mpaka ziwani. Ilipofika ziwani nani alishinda?

mawe_ya_himbi (Goma)

Ile ya 2002 mi nilikuwa bado. Ile ya 22 Mei 2021 njo niliikimbia na miguu mpaka Gisenyi, na hakuna Vaporeon yenye nilikuta njiani. Jibu swali mukubwa.

KatubaNjoKwetu (Lubumbashi)

Vye, shida haiko Rock, shida ni weye hautumie bintu bya Rock. Weka Stealth Rock (mawe ya mtego) chini kila muntu mwenye anaingia anajichoma, Charizard, ule wa moto wenye kuruka, akiingia tu nusu ya maisha yake inakwenda, bado haujamugusa. Kisha unaleta Tyranitar na ile zoruba ya mchanga, mchanga ukipiga mawe yote yanapata Special Defense (defansi ya kukinga ataki za Special, kama Surf) mara moja na nusu, sasa Surf itakufanya nini? Mi nilipigaka batu na hiyo mpaka banakataa kucheza na mi. Rock ni nguvu, paka batu habajue.

dada_wa_nguba (Bukavu)

Mudogo wangu wa Goma, pole sana. Na wewe wa Katuba haujasema uongo, lakini unamwambia mutu wa chukudu (kigari cha mbao) namna ya kuendesha ndege. Stealth Rock na ule mchanga wa kukinga mawe vilikuja mu Diamond na Pearl, 2006. Mu FireRed mchanga unakwaruza tu wenye siyo Rock, Ground (udongo) ao Steel (chuma), hauongezei jiwe kitu chochote. Yeye anacheza ya 2004.

Sasa nikujibu wewe, na nitakuwa mrefu juu hii kitu mi mwenyewe ilinilizaka.

Mawe mu hii gemu ni ya kurusha. Ukijificha nyuma yake umekwisha. Angalia: Rock ikipiga, inaumiza Fire (moto), Ice (barafu), Flying (wa kuruka) na Bug (wadudu) mara mbili, na hao si batu wadogo, Charizard na Moltres na Articuno wote wako mule, tena wote watatu inawapiga mara nne. Lakini ikipigwa, Water (maji), Grass (majani), Fighting (wapiganaji), Ground na Steel zote zinaiumiza mara mbili. Ni tano. Hakuna aina ingine yenye iko na maadui wengi vile, isipokuwa Grass, nayo iko na tano. Kumbuka hiyo Grass, nitairudilia.

Kisha hao wako watatu, Graveler, Onix na Rhydon, siyo Rock tupu, ni Rock na Ground. Ground nayo inaogopa Water na Grass. Mbili mara mbili ni nne. Chukua Surf: nguvu yake 95, Vaporeon ni wa maji kwa hiyo anaongezewa nusu juu, tunafika 142 na kitu, mara nne, 570. Kwa Rhydon wako ilifika kama kitu cha 570. Na ungekuwa unampa mayai ya kuchemsha kila asubuhi angeanguka tu.

Sasa ile 160 yako. Hii ndiyo batu hawajuaka. Mu gemu za zamani kama FireRed kila aina nzima iko upande mumoja: Water, Grass, Fire, Ice, Electric, Psychic, Dragon na Dark zote zinapigia ku Special, haizuru ni Surf ao ni kuuma na meno. Kuanzia 2006 ndiyo kila ataki ilianza kuwa na upande wake. Kwa hiyo ile 160 ya Onix Surf haikuigusa hata kidogo, ilipita mlango wa nyuma, Special Defense, na kule Onix iko na 45. HP (uhai) 35. Ni kama mutu ameweka porti ya chuma mbele ya nyumba na nyuma amefunga na shitingi.

Tena Onix hata kupiga hajui. Ataki yake 45. Pikachu iko na 55! Nyoka ya mawe ya mita 8.8, kilo 210, inapiga chini ya panya. Na hizo kilo nazo zinamwua juu Low Kick (teke) inapimaka kilo, ukipita 200 unapigwa na nguvu ya 120 yote. Mankey kidogo tu inamwangusha. Onix mwache mu boksi apumzike, mi nampenda lakini mwache.

Rhydon na Aerodactyl ubaki nao. Rhydon ataki 130, ataki ya umeme haimfanyi kitu juu ni Ground. Aerodactyl anakimbia 130, batu wachache sana mu FireRed wanamtangulia. Kama haujamfundisha Rock Slide, kuna mtu mule ndani ya Rock Tunnel anaifundishaka, lakini mara moja tu, usimpe Graveler kwa hasira.

Na sasa Grass. Grass maadui zake ni Fire, Ice, Flying, Bug na Poison (sumu). Zisome tena polepole. Nne za kwanza ndizo zenye Rock inapiga mara mbili, na Poison ikimpiga Rock inafika nusu. Na maadui za Rock? Ukichukua Venusaur, ambaye ni Grass na Poison, Water inamfikia nusu, Fighting nusu, Grass robo, Ground na Steel kawaida tu. Hakuna hata mumoja wa wale watano mwenye anamuumiza. Mawe na majani ni bibi na bwana, kila mumoja anafungua mlango wakati mwenzake amegongewa. Shida yao ni Psychic (nguvu za akili), hiyo hakuna kati yao mwenye anaizuia, kwa hiyo chunga Alakazam, ule wa Psychic.

kadutu_mulimani (Bukavu)

Bibi na bwana wenye mumoja anampigaka mwenzake mara nne 😂 hiyo ndoa naijua, iko kwa jirani yangu

dada_wa_nguba (Bukavu)

Hawapigani, wako ekipi moja. Wewe acha jirani yako.

mawe_ya_himbi (Goma)

Dada nimesoma mara tatu. Niko na haya ya kusema hii lakini wacha niseme: nilianza na Bulbasaur, mtoto mwenye anakuwaka Ivysaur halafu Venusaur. Yeye ndiye alinipitisha kwa Brock, mwalimu wa mawe mu gemu, Geodude nivo 12, Onix nivo 14, Vine Whip (fimbo ya majani), Vine Whip, medali. Nikaangalia vile Onix ilikuwa kubwa ku ekra nikasema hii ndiyo nataka. Nikamwacha mu boksi. Ni Ivysaur, nivo 24, tangu mwaka jana.

dada_wa_nguba (Bukavu)

Uliona Onix imeanguka na fimbo mbili za majani, ukaacha mwenye fimbo ukaoa Onix.

KatubaNjoKwetu (Lubumbashi)

Hahaha dada umemumaliza. Sawa mi nakubali FireRed haina Stealth Rock, nilisahau, mi nachezaka Platinum. Na ya mi ni ya Kifaransa, Geodude njo Racaillou, Brock njo Pierre, jina ya mwalimu wa mawe ni Pierre, ni kusema jiwe, njo penye nilichekaka sana mara ya kwanza. Vaporeon kule anaitwaka Aquali.

Lakini kintu kimoja haukusema dada. Graveler asimutupe. Anajuaka Explosion, na mu zile gemu za zamani ikilipuka inakata defansi ya mwenye anapigwa katikati, nguvu 250 inakuwa sawa 500. Graveler atakufa, ndiyo, lakini anakwenda na muntu. Usimuweke mbele ya Vaporeon juu Vaporeon anamutangulia kupiga, muweke mbele ya muntu mwenye hamuumize haraka.

dada_wa_nguba (Bukavu)

Hiyo ni kweli, asante. Nilisahau juu mi siwezi kulipua mtoto wangu. Na kama anataka Golem, mukubwa wa Graveler: Graveler habadilikaki mpaka umpe mutu mwingine ku kubadilishana, halafu akurudishie. Muombe yule mtoto wa miaka 12. Kama atakurudishia.

mawe_ya_himbi (Goma)

Yule? Hawezi kurudisha hata kalamu.

mawe_ya_himbi (Goma)

Nimerudi, wiki mbili zimepita. Naleta habari.

Ivysaur alishakuwa Venusaur nivo 51, umeme kwetu ulikuwa unakuja usiku tu kwa hiyo usingizi wangu ameula yeye. Nilimfundisha Giga Drain, ile yenye Erika, mwalimu wa majani mu gemu, anatoa. Jana tukarudi kwa fundi wa telefone, tukapatana kila mutu alete wanne. Mi Venusaur, Aerodactyl, Rhydon, Kabutops. Graveler nilimwacha nyumbani, kila wakati namfikiria analipuka nasikia vibaya.

Mtoto akaanza na Vaporeon anatabasamu. Venusaur ndiye aliwahi, Sleep Powder ikashika, Vaporeon akalala, Giga Drain, Giga Drain, chini na hakunigusa hata mara moja. Sauti yenye nilitoa siwezi kuiandika hapa. Akaona majani akaleta Charizard, na mi nilikuwa nangojea hiyo tu, nikatoa Venusaur nikaweka Aerodactyl, Flamethrower ikamfikia nusu. Rock Slide. Ikakosa!! Iko na 90 ku 100 na ikakosa pale pale. Flamethrower tena. Rock Slide ya pili ikakamata, mara nne, Charizard alianguka vile mlango unaanguka. Dada nilikukumbuka.

Kisha akaleta Alakazam. Aerodactyl akamtangulia, akampiga sana, akabakiza kidogo, Psychic moja Aerodactyl ameenda. Nikaweka Venusaur bila kufikiri na ulishanionya, akaenda pia. Kabutops akapigwa lakini akasimama, akammaliza Alakazam. Akaja Vileplume, Giga Drain, Kabutops chini.

Tukabaki mumoja kwa mumoja. Yeye Vileplume, mi Rhydon. Nikaanza kupiga hesabu yako, Grass kwa Rock mara mbili, Grass kwa Ground mara mbili, na Vileplume anamtangulia Rhydon mbio. Batu wenye kuchaji telefone wote wamenyamaza. Yule mama wa "pole papa" naye alikuwako.

Basi nikasema batiri yangu inaisha, nikatoa kamba.

dada_wa_nguba (Bukavu)

Batiri ilikuwa ngapi?

mawe_ya_himbi (Goma)

62.